Nakshi ya tindo kwenye upanga: unachonga kabla ya kuchovya au baada? Wangu wa pili umepasuka

FundiUyole

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa wenye uzoefu maana nimeshaharibu viwili na cha tatu ndo hiki ninacho, sitaki nacho kiishie kwenye skrepa.

Mi ni fundi niko Mbeya hapa Uyole, shughuli zangu za kila siku ni mageti na madirisha ila msimu wa kulima ukikaribia nafua mapanga, mundu na ncha za plau, wateja wangu wengi wa Igurusi huko. Nina jiko la mkaa lenye feni ya umeme, nyundo ya kilo moja na nusu, na fuawe langu ni kipande cha ekseli ya lori nimekisimamisha kwenye gogo. Kwahiyo kufua chuma sio kitu kigeni kwangu. Kigeni ni hizi nakshi.

Sasa mdogo wangu anaoa Desemba, kaniambia kaka we kila siku unafulia watu mapanga ya kufyekea, mimi keki yangu nataka niikate na upanga wa ukweli, tena uchonge matawi ya kahawa kwenye bapa maana shemeji yako kwao Mbozi. Nikamwambia hiyo ndogo. Kumbe nimejitakia.

Nikaenda Mwanjelwa kwa wauza skrepa nikapata jani la springi ya Fuso, unene kama milimita 9. Wa kwanza niliufua vizuri tu, sentimita 70 pamoja na msuka (ule mkia unaoingia kwenye mpini), nikauchovya kwenye mafuta, nikaung'arisha na msasa, ndo nikaanza kuchonga. Aisee. Tindo linateleza ka mtu mwenye ndala kwenye tope la Tukuyu, pigo la nne ncha ya tindo ikaruka ikapita karibu na jicho, na kwenye bapa ukabaki mkwaruzo mrefu ka paka kapita. Nikautupa pembeni.

Wa pili nikasema basi nichonge kabla. Hapo mambo yakawa matamu, chuma laini, nikachonga tawi na majani sita, mstari wa katikati wa kila jani nikauzamisha haswa ili uonekane mpaka na watu wa meza za nyuma. Nikaurudisha motoni ukawa mwekundu nikachovya kwenye oil chafu ya gari. Nikasikia "tii", kasauti kadogo tu ka glasi ukiigonga na kucha. Nilivyoufuta nikaona unywele mweusi umeanzia jani la tatu umeshuka mpaka kwenye makali. Siku hiyo nililala bila kula.

Sasa naomba kujua, nachonga kabla au baada? Na mnaushikaje wakati wa kuchonga maana kwenye vaisi unarukaruka na meno ya vaisi yanaacha alama. Tindo nililotumia ni lile la kutobolea ukuta, labda ndo tatizo.

Mzee wa Ipogolo

Kamwene mwanangu. Hiyo "tii" naijua, nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Unachonga kabla. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6 na vitu vingine vya kukisaidia kuwa kigumu, ukikichovya kinakuwa kigumu chote, nje mpaka ndani, sio makali peke yake. Ndo maana ule wa kwanza tindo liliteleza, ulikuwa unagonga kitu kigumu sawa na tindo lenyewe au zaidi. Huo wa pili mpangilio ulikuwa sahihi ila umeuua mwenyewe. Umewahi kumwona fundi wa vioo akikata kioo? Anakwaruza mstari mmoja tu halafu anakibonyeza, kinavunjika hapo hapo alipopita. Upanga ukiingia kwenye mafuta chuma kinajivuta huku na huku kinatafuta pa kupasukia, na wewe umekichongea mlango, mstari mzito wenye chini kali ka pembe. Chini ya mfereji panatakiwa pawe pa mviringo ka umechota na kijiko, na kina kisifike hata nusu milimita. Na usisogelee makali, acha sentimita nzima bila kitu chochote.

Alafu hiyo "ukawa mwekundu" yako inanitia wasiwasi. Mwekundu upi? Chukua sumaku ya spika mbovu uifunge kwenye waya, chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena, ukipita hapo kidogo tu unachovya. Ukisubiri mpaka kiwe cha machungwa umeshaunguza. Ule uliopasuka usiutupe, uvunje kabisa kwenye vaisi (funga kitambaa, vaa miwani) uangalie ndani. Ukiona chembe chembe ka sukari ya duka, moto ulizidi. Ukiona kijivu laini ka udongo wa kufinyangia, moto ulikuwa sawa na kosa ni la mstari peke yake.

Ukimaliza kufua, kabla hujashika tindo, upashe moto mpaka sumaku iachie halafu uuache upoe kwa hewa tu, rudia mara tatu. Nyundo inaacha chuma kikiwa na kinyongo, hapo ndo unakituliza. Mara ya mwisho usiuache kwenye hewa, uzike kwenye majivu makavu mpaka kesho asubuhi, majivu yawe mengi haswa, debe zima na zaidi. Utautoa laini tindo linatembea lenyewe.

Na hiyo oil chafu achana nayo, moshi wake ni sumu na huko Uyole kwenye baridi inakuwa nzito ka uji, chuma kinapoa upande mmoja mwingine bado. Tumia mafuta ya alizeti, yapashe kwanza mpaka nyuzi 50 au 60, yaani kidole kinaingia na kutoka haraka. Chovya ncha kwanza, wima, usiulaze, na usiutikise kushoto kulia utapinda, tikisa kwenda mbele na nyuma kufuata makali.

Ukishatoka kwenye mafuta usiulaze hivyo hivyo mpaka kesho, urudishie moto mdogo saa hiyo hiyo. Moto huo wa kisu unaishia chuma kikigeuka rangi ya nyasi kavu, kama nyuzi 220. Wa upanga mrefu nenda mpaka zambarau ikaribie bluu, kama 280 mpaka 300, uwe unapinda na kurudi. Wa keki hautapigana na mtu lakini kuna mjomba atalewa ulanzi ataupiga kwenye meza.

MwanaLugalo

Kwani upanga umeanza lini kuwa wa kwetu? Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo jeshi la Mkwawa lilimmaliza Zelewski, kamanda wa Wajerumani, na watu wake na silaha kubwa ilikuwa mkuki, sio huo mnaouona kwenye tamthilia. Fua mkuki bwana harusi akate nao keki, angalau tuseme utamaduni.

FundiUyole

@MwanaLugalo hahaha mkuu keki ya ngazi tatu na mkuki unaikataje, utamchoma MC. Alafu sisi sio Wahehe, ni Wasafwa.

@Mzee wa Ipogolo shikamoo mzee. Nimeuvunja kama ulivyosema. Sukari tupu. Yaani ka umemwaga sukari. Kwahiyo nimeunguza na mstari nao nikauzamisha.

Dada Sonara

Kaka Uyole pole. Mimi ni sonara hapa mjini, kazi yangu ni pete na heleni ila baba yangu alikuwa anachonga majina na maua kwenye visu na ala za watu, na tindo kanifundisha yeye, kwahiyo hapo kwenye moto nimemwachia mzee, mimi niongelee mkono.

Kwanza hilo tindo la ukutani litoe kabisa kwenye meza. Tafuta tupa ya zamani, kubwa, iliyokwisha meno. Ilainishe kwenye majivu kama upanga, ikate vipande vya urefu wa kidole cha kati na nusu yake, unoe ncha. Mi natumia vitatu tu kwenye kazi kama yako: kimoja cha kukata mstari, kimoja chenye mdomo wa mviringo cha kuchota, na kimoja sio tindo kabisa ni cha kugongea, kinaacha duara dogo ka tundu la ushanga, hicho kwa punje za kahawa. Unachovya ncha peke yake, sentimita mbili, unaing'arisha na msasa, alafu unapasha kutokea nyuma, rangi inatembea kuja mbele, ikifika nyasi kavu kwenye ncha unazima. Nyuma pabaki laini maana ndo panapopigwa nyundo, pakiwa pagumu pataruka vipande vikupate usoni.

Kushika: achana na vaisi. Unaulaza upanga kwenye kitanda cha utomvu. Nchi hii ya kwetu tuna bahati, huko Sao Hill Mufindi wanagema utomvu wa paini, ukipata kilo moja inakutosha miaka. Yeyusha kwenye kopo, nje, moto mdogo, mfuniko uwe karibu maana unashika moto haraka, tia vumbi la tofali ulilochekecha mpaka uwe mzito, na mafuta kidogo ya kupikia usije ukawa mkavu ukapasuka. Mwaga kwenye ubao wa urefu wa upanga. Pasha bapa kidogo, laza, acha upoe. Hautoki hapo hata upige vipi, na chini pote pameegemea kwahiyo haurukiruki. Ukitaka kugeuza upande wa pili unapasha tena unabanduka.

Kuchora sasa, hapa ndo utanikumbuka. Ukweni kwenu si Mbozi? Waambie wakupe mrututu, ule wanaopulizia kwenye kahawa. Kijiko kimoja kwenye maji nusu kikombe (kikombe hicho kisirudi jikoni, ni sumu), pamba, pakaza kwenye bapa ulilosafisha likawa halina mafuta hata ya kidole. Chuma kinageuka chekundu palepale, ni shaba imejibandika juu, nyembamba mno. Hapo unachora na sindano ya chuma, kila ukipita mstari unang'aa mweupe kwenye wekundu, unauona hata jioni. Penseli inafutika ukiweka mkono, hii haifutiki.

Kupiga: nyundo ndogo, gramu 100 au 150, usije na kilo moja na nusu yako. Kidole gumba cha mkono wa tindo kinaegemea kwenye bapa muda wote, ndo breki. Unagonga tk tk tk, vipigo vidogo vingi, jani moja mimi linakula vipigo mia na kitu. Ukililaza sana linateleza, ukilisimamisha linazama linakwama, katikati hapo kuna mahali utasikia mwenyewe, chuma kinatoka kaunyuzi kanajikunja ka nywele za mtoto. Kwenye kona usizungushe mkono, zungusha ubao.

Na hilo la kuzamisha ili watu wa nyuma waone, kaka, kina hakionekani mbali. Kinachoonekana mbali ni mwanga. Kata mstari wa jani ukiwa umeinamisha tindo upande mmoja, ukuta mmoja umesimama mwingine umelala, ule uliolala unapiga taa za ukumbini na jani linaonekana limenyanyuka wakati hata robo milimita halijafika.

KijanaTunduma

Mbona mi nimeona kwenye YouTube Wajapani wanachonga joka kwenye upanga ambao umeshachovywa na umeshanolewa?? tena na tindo la mkono. Sasa mzee na dada wanasema kabla. Nani mkweli hapa

Mzee wa Ipogolo

@KijanaTunduma wote wakweli. Wajapani kabla ya kuchovya wanaupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, kwahiyo makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki laini. Lile joka linachongwa kule kwenye ulaini. Na chuma chao sio springi, hakikubali ugumu kwenda ndani. Springi ya Fuso hata uipake udongo wa Kitonga yote itajivuta kuwa ngumu. Kitu kingine, wao wakati mwingine wanachonga mfereji au nakshi mahali penye kasoro ili kasoro iondoke. Fundi ni fundi popote.

KijanaTunduma

Sawa mzee nimekupata. Ila hapo kwenye udongo wa Kitonga umenichekesha.

FundiUyole

Dada Sonara ndaga fijo, yaani nimesoma mara tatu. Nina swali la kizushi: punje za kahawa zinaweza kuwa nyekundu kweli? Nimewaza nikasema kama ule mrututu unaacha wekundu basi niache tu hapo kwenye punje.

Dada Sonara

Ule wekundu ukiingia motoni umekwenda, na hata bila moto ukiufuta na kitambaa mara mbili umekwisha. Ukitaka wekundu wa kudumu tia njumu. Chukua waya wa shaba wa mota iliyoungua, mnene kidogo, uunguze rangi yake mpaka uwe laini. Kwenye kila punje wakati chuma bado laini toboa kashimo, kisha kwa tindo jembamba sukuma kuta zake ziingie chini pembeni, yaani mdomo uwe mdogo kuliko tumbo, ka chungu. Shaba USIIWEKE kabla ya moto. Upanga ukishachovywa, ukisharudishiwa moto na kung'arishwa, ndo unakata kapande ka waya, unakasimamisha shimoni, unagonga polepole, shaba inajaza tumbo haiwezi kutoka tena. Chini ya upanga weka ubao usiweke fuawe. Alafu tupa laini na msasa mpaka iwe sawa na bapa.

Ila punje ziwe chache. Kumi na mbili zinatosha. Ukiweka mia inakuwa kapu la mavuno.

MkingaOriginal

Nimechelewa ila niweke langu. Kwetu Makete kwenye hiyo milima ya Livingstone uhunzi ni wa zamani sana, Wakinga na jirani zetu Wapangwa wa Ludewa walikuwa wanayeyusha chuma wenyewe kutoka kwenye mawe, na ukienda Ufipa ndo usiseme, kule walikuwa na matanuru marefu kuliko mtu, wanayaita malungu, yanavuta hewa yenyewe bila mivukuto. Babu yangu sikumkuta akiyeyusha, nilimkuta anafua vyuma vya magari kama nyie. Mivukuto ya ngozi ya mbuzi miwili, mdomoni bomba la udongo, na mimi ndo nilikuwa feni ya umeme. Ukisinzia unapigwa koleo la mguu.

Nachotaka kusema ni mkaa. Watu wengi Mbeya wanakimbilia makaa ya mawe ya Kiwira kwa sababu yana moto mkali na hayaishi. Kwa geti sawa. Kwa kazi yenye nakshi mi siyapendi, yana salfa, na moto wake ukishakolea unakuzidi akili, ndo hiyo sukari aliyoiona jamaa. Tafuta mkaa wa miwati kutoka Njombe, mgumu, hauruki cheche sana, vunja vipande ka yai la kuku. Usiuweke upanga chini karibu na bomba la hewa, uweke juu, hewa ikipiga chuma moja kwa moja inakula ile mistari ya dada, unatoa upanga umebabuka ka mgonjwa wa tetekuwanga. Babu alikuwa anapaka uji mwembamba wa udongo juu ya nakshi kabla ya kuingiza motoni, anaukausha kwanza. Mwembamba, ka rangi, sio ule wa Wajapani.

Na wewe Uyole ambaye fuawe lako ni ekseli, endelea hivyo hivyo. Kuna watakaokuambia nunua kipande cha reli, ni kizuri kweli kwa kufulia, ila skrepa ya reli ya TAZARA sio kitu cha kukutwa nacho, utaelezea polisi mpaka harusi iishe.

MwanaLugalo

Mkinga hapo kwenye reli umesema ukweli, kuna jamaa yangu yalimkuta. Haya Uyole basi weka hata mkuki mdogo kwenye mpini.

FundiUyole

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, nilikuwa nafanya majaribio kwanza.

Nilichukua kipande kilichobaki cha springi, sentimita 15, nikakilainisha kwenye majivu nikachonga mistari mitatu: mmoja ule wangu wa zamani wa kuzama, mmoja wa kijiko alivyosema mzee, mmoja wa kuinamisha tindo alivyosema dada. Sumaku, alizeti ya moto, chovya. Ule wa kuzama umepasuka tena jamani!! Na moto safari hii ulikuwa sawa maana nilikivunja ndani kijivu kabisa. Hiyo miwili mingine haijafanya kitu, nimemwagia mafuta ya taa nikafuta nikapaka chokaa kuona kama kuna unywele, hamna.

Mrututu nilipewa na mama mkwe wa mdogo wangu, akaniuliza una shamba la kahawa Uyole? Nikamwambia nachorea upanga wa binti yako, akaniangalia weee, akanipa nusu kilo. Utomvu wa paini nilishindwa kuufikia nikachanganya lami ya barabarani na nta na vumbi la tofali, unashika ila jua likitoka upanga unaanza kusafiri, nachonga asubuhi mpaka saa nne tu kisha nauingiza ndani. Siku ya kwanza niliharibu jani moja kwa sababu nilizungusha mkono badala ya ubao. Nimeligeuza kuwa jani lililoliwa na mdudu, hata shambani yapo.

Kaunyuzi ka chuma kanakojikunja nimekapata jana, jani la nne. Nilisimama nikamwita dogo wa jirani aje aangalie, akasema "sa si kachuma tu hako."

Upande mmoja umekamilika, majani tisa, mashimo kumi na mbili ya punje. Waya wa mota ninao. Upande wa pili naanza Jumatatu. Swali moja tu kwa dada, tumbo la shimo liingie chini kiasi gani, maana tindo langu jembamba mdomo wake ni milimita moja na nikilisukuma sana mdomo wa shimo unanyanyuka.

Dada Sonara

Unyanyuke, hiyo ndo yenyewe. Usiukate. Shaba ikishaingia unaugonga urudi chini unaifungia.

FundiUyole

Ahaa. Nilikuwa naukata kila mara. Nimeshakata mitano, narudi kuitoboa upya.